Mkate wa Achim na Bibi Harusi wa Msituni

Hebu mchore kichwani mwako mama huyu anavyowasili. Ni mwanzoni mwa Mei, theluji bado imeng'ang'ania kwenye makorongo ya juu, na barabara ya mlima inatiririka maji kana kwamba kuna mtu amesahau kufunga bomba. Kwanza unasikia honi: moja, mbili, tatu, ndefu, zenye mkwaruzo. Halafu kimya. Halafu kwenye kona linatokea gari jeupe la mizigo, ambalo zamani lilibeba barua za posta, likipanda kwa gia ya pili huku limeinama upande wa kushoto kama bibi aliyebeba kikapu kizito. Linaingia uwandani, linazunguka, linarudi kinyumenyume mpaka pua yake itazame njia liliyojia. Injini inazimwa. Hakuna anayeshuka. Dakika tano nzima hakuna anayeshuka. Unaona tu uso wa duara, umefungwa kitambaa cha maua, nyuma ya kioo, ukitazama kulia, kushoto, nyuma, kisha kulia tena. Mwishowe mlango unafunguka, mikono miwili inapigwa makofi, na sauti ya kufika ng'ambo ya bonde inasema:

"Mimi ni Veturia! Nimerudi! Aliyelala aamke, aliyeamka apishe!"

Anazungumza na dubu.

Ndivyo Veturia Pârlog alivyofika kila mwaka kwenye Uwanda wa Paltin, katika milima ya Făgăraș, na ndivyo alivyokaa hapo mpaka majani ya miti yalipogeuka mekundu. Alikuwa na miaka sitini na minne. Nusu ya maisha yake aliwapikia watu wa barabara, wale wanaozoa theluji na mawe ili wengine wapite, na mmoja wao alikuwa Achim, mtu mrefu mwenye maneno machache, ambaye alikuwa akirudisha bakuli lake la supu likiwa safi kuliko alivyolipokea. Akaolewa naye. Posta ilipolitupa lile gari, wao wakaliokota, na Achim akaligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko dogo la gesi ambalo hushushwa kabla ya kuwashwa, na pazia kati ya kitanda na kiti cha dereva. Hilo pazia lilikuwa fahari yake. "Ukiamshwa vibaya," alikuwa akisema, "unaruka kutoka kwenye shuka mpaka kwenye usukani, na mguu wako haugusi nje."

Hata uwanda wenyewe, kwa namna fulani, ulikuwa kazi ya mikono yao. Zamani palikuwa mahali pa kurundika kokoto. Wao wawili walipasafisha, wakaweka meza ndefu ya mawe karibu na kijito, hatua mia moja kamili kutoka mahali pa magari, wakasimika benchi chini ya mti, na Achim akachomelea kasha la chuma lenye komeo nene kama mkono wa mtoto. Chakula chote cha wasafiri hulala humo. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Februari, Achim alilala akiwa mzima na hakuamka. Kaburi lake liko kijijini bondeni, lakini Veturia hakuwahi kumsikia huko. Alimsikia hapa, kwenye benchi, komeo la kasha linapolia.

Kwa hiyo kila aliyekuja kulala uwandani alilazimika kupita mbele ya Veturia, naye alimpokea kwa mikono miwili na kumpekua kwa macho manne.

"Karibu, mwanangu, karibu. Geuza gari. Pua itazame njia. Hapana, siyo mkia, pua! Dubu akija utatoka kwa mkia kama kaa? Haya. Kiti cha dereva kiwe kitupu, usikijaze masweta. Ufunguo mahali pake. Madirisha unafunga ukiondoka, hata kama jua linachoma mawe. Umebeba nini cha kula? Vyote kwenye kasha. Vyote. Hata huo mswaki."

"Mswaki, mama?"

"Dawa yake inanuka mnanaa. Dubu anapenda mnanaa kuliko unavyompenda mkeo."

"Basi anaupenda sana!"

"Mbele ya mkeo lazima useme hivyo. Leta mswaki."

Watu walicheka, lakini walitii. Na ukiuliza kwa nini alikuwa mkali hivyo, inabidi nikusimulie kwanza kuhusu Bibi Harusi.

Bibi Harusi ni dubu jike mwenye utepe wa manyoya meupe shingoni, mpana, kama shela iliyoteleza. Kule chini, kwenye kona za barabara, watalii wamemfundisha kukaa ukingoni na kupokea biskuti kupitia madirisha ya magari, jambo ambalo lilimfanya Veturia atukane kwa sauti mpaka akajikuta akipiga ishara ya msalaba. Septemba iliyopita, daktari mmoja wa meno kutoka Bucharest alificha pande la mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi chini ya kiti, kwa sababu aliona aibu kulipeleka kwenye kasha mbele za watu. Bibi Harusi aliung'oa mlango wa gari lake kama mtu anayefungua kopo la samaki. Daktari alikuwa kijitoni, hakuumia. Alimsihi Veturia amezee. Wasafiri wengine nao wakamsihi amezee. Veturia akapiga simu kwa bwana misitu papo hapo, mbele yao.

"Ukidanganya kuhusu dubu," aliwaambia, "huumii wewe. Anaumia yule atakayelala hapa kesho."

Wakubwa wa mkoa wakaja, wakapima, wakaandika. Uamuzi wao ulikuwa mfupi: uwanda ungeachwa wazi msimu mmoja zaidi. Dubu akigusa gari tena, gari lolote, lango litafungwa mnyororo na halitafunguliwa. Nicodim Șerb, yule bwana misitu, kijana mwenye masharubu yaliyokataa kukua vizuri, alikabidhiwa kitabu cheusi cha kuandikia. Alikuja kumwambia Veturia huku amevua kofia.

"Mara moja tu, shangazi. Akigusa mara moja tu, nalazimika kuandika."

"Hatagusa," alisema Veturia.

Na kuanzia Mei mpaka tarehe ishirini Julai, hakugusa.

Tarehe ishirini Julai ni sikukuu ya Mtakatifu Elia, siku ya marehemu na siku ya asali mpya. Siku hiyo unachukua mikate midogo ya kusuka, juu yake unaweka kipande cha sega, unachomeka mshumaa, unagawa. Wewe unasema, "Kwa roho ya fulani." Anayepokea anasema, "Bogdaproste," yaani Mungu awarehemu wafu wako, na kitu kimekwisha. Kimefika kwa marehemu. Hakirudishwi, kwa maana ukikirudisha unampokonya marehemu mdomoni. Wala hakitupwi. Hayo hata mtoto wa chekechea anayajua.

Miaka yote Veturia aligawa kwenye uwanja wa kanisa, kijijini. Mwaka huu akawaza: watu wa Achim ni akina nani hasa? Ni hawa wanaolala juu ya magurudumu. Akashuka kwa dada yake, wakaoka mikate ishirini na mitatu, mmoja kwa kila mtu aliyekuwa uwandani. Padri akaibariki alfajiri. Saa mbili asubuhi gari jeupe likapiga honi zake tatu, na Veturia akapita kutoka gari hadi gari akiwa na sinia kubwa, kitambaa kipya cha kichwa, na uso ambao watu hawakuwa wameuona tangu Februari ile.

"Kwa roho ya Achim."

"Bogdaproste, mama Veturia. Tuupeleke kwenye kasha?"

"Kasha!" alishangaa. "Mkate wa marehemu unaufungia kwenye chuma kama mwizi? Weka ndani. Karibu na kitanda. Mshumaa ukizimika wenyewe, ndiyo baraka."

Alisema maneno hayo mara kumi na moja, kwenye magari kumi na moja, kwa mdomo uleule uliokuwa ukiamuru hata miswaki ipelekwe kwenye kasha. Kwenye gari la mwisho, lililokuwa peke yake upande wa msituni, kulikuwa na Wacheki wawili, Radovan na Zdenka, ambao walikuwa wanafunga kamba za viatu ili wapande ziwani. Hawakujua mila, lakini walijua kutabasamu. Veturia mwenyewe akainua mkono, akapitisha mikate miwili dirishani, akaiweka kwenye karai lao la vyombo. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la Achim, akalia kidogo, kilio kitamu, kisha akapumzika. Jua lilipopanda na mabati ya magari yakapata moto, harufu ya asali ikaanza kutambaa uwanda mzima. Aliivuta puani. Harufu nzuri ilioje, aliwaza. Achim, unaisikia?

Saa tisa alasiri, simu zote uwandani zikapiga yowe kwa pamoja.

Hakuna aliyeshtuka sana, huku milimani tumezoea. Ni ule ujumbe wa serikali: dubu ameonekana, msimkaribie, ingieni mahali salama. Lakini ya Veturia ilinyamaza, kisha ikaita tena, na huyo alikuwa Nicodim.

"Shangazi, uko wapi?"

"Kwenye benchi la Achim, nitakuwa wapi?"

"Bibi Harusi amevuka daraja na watoto wake wawili. Anapanda huko kwenu. Na anatembea pua juu, shangazi, kama mtu aliyealikwa. Kuna mjinga gani ameacha chakula?"

Veturia alifungua mdomo. Harufu ile, iliyokuwa tamu tangu asubuhi, ikamwingia kooni ikageuka kuwa moshi. Aliyatazama magari kumi na moja, na katika kila moja aliona karibu na kitanda mkate, sega na mshumaa.

"Shangazi?"

"Ni mimi," alisema. "Mjinga ni mimi. Njoo upesi."

Akasimama. Na hapa ndipo ungependa kumwona, kwa sababu yule mjane mnyamavu wa kwenye benchi aliyeyuka, akabaki mpishi wa watu arobaini wa barabara, siku ya tufani, wakati supu inaungua.

"Relu!" alipaza sauti. "Relu, ita watu wote! Mezani! Na kila mtu na mkate wake!"

Relu alikuwa dereva mstaafu wa treni kutoka Ploiești, mtu mkubwa mwenye tumbo la kuheshimika, ambaye alikuja kila kiangazi na mkewe Aglaia. Alitoka akiwa na kaptura na sabuni shavu moja.

"Tumetoka kula sasa hivi, mama!"

"Mtakula tena. Bibi Harusi yuko njiani, na mimi nimemwandalia vyumba kumi na moja."

Relu akaelewa. Akaruka. Sauti yake, iliyozoea kushindana na injini, ikapasua uwanda: "Mikate nje! Mikate nje! Wote mezani!"

Wakaja mbio, wengine bila viatu, kila mmoja na mkate wake mikononi, asali ikichuruzika viganjani. Wakawa wanazungumza wote kwa pamoja.

"Tuifungie kwenye kasha!"

"Kasha limejaa. Aglaia ameweka mtungi mzima wa kabichi."

"Toeni kabichi!"

"Kabichi yangu haitoki!" Aglaia akafoka. "Unafikiri dubu hali kabichi?"

"Basi niikusanye yote niiteremshe bondeni kwa gari," akasema Relu.

"Barabara ni moja, na yeye yuko juu yake. Utamkuta kwenye kona, umshikie sinia?"

"Basi tuitupe kijitoni."

Wote wakamtazama. Aglaia akamshika mumewe sikio, mbele za watu.

"Umtupe Achim majini, wewe? Achim aliyekusukumia gari kwenye tope mara tatu?"

"Nisamehe. Nimesema tu."

"Na mimi siwezi kuichukua," alisema Veturia. "Nilishatoa. Nikiipokea tena, analala njaa mwaka mzima. Imebaki njia moja. Kuleni. Kuleni yote, mpaka chembe. Nicodim amemwona darajani. Mwenye watoto hakimbii, tuna dakika ishirini. Tumieni kumi. Kuleni!"

Hakujapata kuliwa hivyo katika milima ile. Mabibi walitafuna kwa zamu za shavu la kushoto na la kulia. Mhasibu mmoja wa Sibiu, mwembamba kama fimbo, aliyesema kwamba daktari amemkataza sukari, alikunja mkate mara mbili akauingiza wote kinywani, macho yakamtoka. "Usife hapa!" Relu akampigia kelele akiwa kinywa kimejaa. "Tukikuacha mezani na wewe utahesabiwa chakula!" Watu wakacheka, wakapaliwa, wakapigana migongoni. Na katikati ya kutafuna, kila mmoja akawa anasema, bila kuambiwa, "Bogdaproste, bogdaproste," na Veturia akisimama kwenye kichwa cha meza, akiuma wake, machozi na asali vikimwagika kidevuni pamoja. Kama kuna marehemu aliyewahi kushiba upesi siku ya Mtakatifu Elia, ni Achim.

"Mikono majini! Sabuni! Mpaka kwenye viwiko! Vitambaa vyote kwenye kasha, vibanane na kabichi. Futa midomo, Relu, kidevu chako kinang'aa!"

Veturia mwenyewe akachovya kitambaa kijitoni akaanza kuisugua meza. Aglaia alikuwa akipanga vipande vya mishumaa mstarini, kwa sababu ni mwanamke anayependa kujua mambo yamekwishaje.

"Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja." Akainua kichwa. "Veturia, ulioka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

Wote wawili wakageuka kwa pamoja kuelekea upande wa msituni, kwenye gari la Wacheki. Dirisha lilikuwa wazi. Wazi kiasi cha kupitisha kichwa cha ng'ombe, na chini ya dirisha, kwenye karai, mikate miwili ilikuwa imekaa kwenye jua tangu asubuhi.

"Kila mtu garini mwake," alisema Veturia. Hakupaza sauti safari hii. "Msikimbie. Tembeeni. Funga vioo. Asipige honi mtu yeyote mpaka nipige mimi."

Naye akaanza kutembea, hatua ndefu, kitambaa kimelowa mkononi. Alitaka kufika kwenye lile dirisha. Alikuwa amefika usawa wa gari lake mwenyewe, bado hatua hamsini hivi, alipoona vichaka vya ukingoni vinagawanyika. Kwanza ikatoka pua. Kisha ule utepe mweupe. Bibi Harusi akasimama, akavuta hewa taratibu, akaitazama meza ya mawe, akaiacha, akalitazama gari la Wacheki, hakuliacha. Nyuma yake watoto wawili walikuwa wanasukumana kama mifuko miwili ya manyoya yenye kiu ya ugomvi.

Dirisha halikufikika tena kwa miguu. Veturia akapanda gari lake. Na hapo kila neno alilowahi kuwachosha nalo wageni likamlipa: kiti kilikuwa kitupu, ufunguo ulikuwa mahali pake, pua ilikuwa inatazama njia. Injini ikakohoa. "Usinifanyie hivyo," akamwambia mtu ambaye hakuwepo. Ikashika.

Hakuelekea njiani. Akakata kulia, akavuka nyasi kwa gia ya kwanza, akalipenyeza gari la posta kati ya msitu na gari la Wacheki, karibu, karibu zaidi, kioo cha pembeni kikajikunja, bati likanong'ona na bati, mpaka kati ya ubavu wake wa kulia na lile dirisha lililo wazi pakabaki vidole vitatu. Akavuta breki ya mkono. Sasa mikate ilikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta ulikuwa yeye.

Bibi Harusi akaja. Hakuja kwa hasira. Alikuja kama mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi na anaona mlango unafungwa. Akanusa gurudumu la mbele. Akazunguka. Akarudi. Kisha akainuka kwa miguu ya nyuma, na dirisha la dereva likawa giza.

Walitazamana. Kati yao kulikuwa na kioo kimoja cha posta. Veturia aliona macho madogo ya kahawia, kope zenye vumbi, pua inayolowa na kukauka, na pumzi ikichora wingu kwenye kioo. Sauti yake ikatoka ya chini, ileile aliyoitumia kumtuliza Achim alipokuwa na homa.

"Hakuna kitu, dada. Sherehe imekwisha. Ni mimi niliyekualika kimakosa, nisamehe. Hakuna kitu."

Dubu akaweka mguu mmoja mlangoni, kama mtu anayeegemea ili asikie vizuri.

Upande wa pili wa uwanda, Relu alikuwa ameinua ngumi juu ya honi. Veturia alimwona kwa pembe ya jicho, na aliona jambo ambalo Relu hakuliona: mtoto mmoja wa dubu alikuwa amezunguka nyuma ya gari la Wacheki na sasa alikuwa katikati ya uwanda, peke yake, akichezea kandambili ya mtu. Honi ikilia sasa, mtoto angekimbilia magari, na mama angepita katikati yao kumfuata. Veturia akainua kiganja, akakibandika kwenye kioo cha mbele, vidole vitano vimenyooka. Usipige. Relu akakiona. Ngumi ikabaki hewani. Aglaia akaishika kwa mikono yote miwili asije akabadili mawazo.

Kandambili ikamchosha yule mtoto. Akatazama huku, akatazama kule, akatoa mlio mwembamba. Bibi Harusi akageuza shingo, ule mguu ukateleza mlangoni, akashuka kwa miguu minne, akaita kwa mguno mmoja mfupi. Mtoto akaja mbio, akapita chini ya tumbo lake, akampiga mwenzake kofi njiani. Wote watatu wakawa upande wa msitu.

Ndipo Veturia alipolalia honi. Moja! Mbili! Tatu! Na magari mengine yakaitikia, ya kila sauti, ile nyembamba ya mhasibu na ile ya treni ambayo Relu alikuwa ameifunga kinyume cha sheria, mpaka bonde zima likajaa kama siku ya harusi. Dubu watatu wakaingia vichakani. Vichaka vikatikisika, vikatikisika juu zaidi, kisha vikatulia.

Hakuna aliyeumia. Hakuna chembe iliyopotea. Mikate miwili ilikuwa bado kwenye karai, mizima, mishumaa imepinda kwa joto. Watu wakakaa dakika tano garini, kama walivyofundishwa, wakihesabu kwa sauti. Halafu milango ikafunguka na kelele zikalipuka. Relu alicheza. Mhasibu alimbusu Aglaia. "Umemwona mama? Mmemwona? Amelipenyeza kama barua!"

Veturia alishuka. Kitambaa kilicholowa kilikuwa bado mkononi. Akageuka kufunga mlango, na akaiona.

Chini kidogo ya kioo, kwenye ile rangi nyeupe ambayo Achim aliipaka kwa brashi kiangazi chake cha mwisho, kulikuwa na alama ya mguu. Tope jeusi la kijitoni, kiganja kipana kama sahani, na juu yake nukta tano za kucha. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja, wala bati halikuwa limebonyea. Tope tu, na bado bichi. Mpanguso mmoja wa kitambaa ungetosha.

Aliisikia injini ya Nicodim kabla hajaiona. Kijana akafika kwa kasi, akaruka chini, akahesabu watu, akahesabu magari, damu ikamrudia usoni. Veturia akasimama mbele ya mlango wake. Mgongo wake ulikuwa mpana, uliifunika alama vizuri.

"Wote wazima?" aliuliza Nicodim.

"Wazima na tumeshiba," alisema Relu.

Nicodim akatoa kile kitabu cheusi. Akafungua, akatafuta ukurasa, akatafuta kalamu, akachukua muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji. Alikuwa mtoto wa kijiji cha bondeni. Achim ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye theluji.

"Shangazi," alisema hatimaye, bila kuinua macho, "naandika utakachoniambia wewe. Nakujua. Amegusa gari?"

"Hata kidogo!" akadakia Relu.

"Sijakuuliza wewe, mjomba."

Watu ishirini walimtazama Veturia, na hakuna aliyekuwa akitafuna chochote. Komeo la kasha la chuma likalia kwa upepo, mara moja. Aliwaza kwamba dubu yule hakuambulia hata chembe, kwa hiyo labda hakujifunza lolote. Akamwaza pia yule daktari wa meno, Septemba, mikono imefumbatana, akimsihi, na jibu alilompa. Nyuma ya mgongo wake tope lilikuwa linaanza kukauka. Kutoka kwenye kitambaa maji yalidondoka juu ya kiatu chake, tone, kisha tone jingine.

Sasa wewe uliyekaa nami mpaka hapa, kama ungekuwa ndiye mwenye hicho kitambaa, ungemjibu nini Nicodim?